Ua Moja, Majina Mengi: Marguerite na Pareto katika Milima Yetu



Kitabu cha Mwanzo chatueleza ya kwamba Mungu aliwaleta wanyama na ndege mbele ya Adamu, naye akawapa majina. Habari za kuyapa maua majina hazikuandikwa. Basi ni kana kwamba kazi hiyo waliachiwa watoto wa Adamu, na kila taifa limeifanya kwa lugha yake. Ndiyo maana ua moja laweza kuwa na majina kumi, na tena jina moja laweza kushika maua mengi yasiyo na nguvu moja.

Leo twataka kueleza habari za ua jeupe lenye moyo wa manjano, ambalo watu wote wa milima ya Masisi walijua. Sisi tunaokaa Kirolirwe, katika njia itokayo Sake kwenda Kitchanga, twaliona mbele ya nyumba za mapadri na masista, twaliona juu ya altare siku za sikukuu, na wazee wetu waliliona katika mashamba makubwa, limeenea mlima mzima mpaka mtu akadhani mvua ya mawe imeanguka. Lakini ukiuliza jina lake, mmoja atakuambia marguerite, wa pili atasema pyrèthre, wa tatu ibireti, na mgeni aliyetoka Kenya au Tanzania atasema pareto. Je, ni ua moja au ni maua mbalimbali? Na majina hayo maana yake ni nini?

Mtu aweza kusema: «Jina ni jina tu, halijazi chungu.» Sivyo. Sikilizeni jambo linalotokea vijijini. Mama mmoja asikia kwamba ua jeupe laua vidudu. Aenda bustanini, achuma maua yale mazuri, ayaanika, ayatwanga, na unga wake auchanganya na maharagwe ya mbegu. Afunga mfuko kwa moyo wa amani. Siku ya kupanda aufungua, na tazama! maharagwe yamejaa matundu, fukusi watembea juu yake kama watu wa sokoni. Mama yule hakuwa mvivu wala mjinga. Jina ndilo lililompoteza. Alichukua ua la mapambo akadhani ni ua la dawa, kwa sababu watu wameyaita yote mawili kwa jina moja. Na mbegu ya maharagwe ikipotea, msimu wote umepotea. Kwa hiyo yafaa tuyachunguze majina haya kwa taratibu.

I. Marguerite: jina la lulu

Tuanze na jina la bustanini. Marguerite ni neno la Kifaransa. Wafaransa walilipata katika Kilatini, na Walatini walilipata kwa Wagiriki. Wale waliosoma seminari wakumbuka kwamba katika Kilatini margarita maana yake ni lulu. Ndilo neno linaloandikwa katika Injili ya Matayo ya Kilatini, sura ya 13, katika mfano wa mfanya biashara aliyetafuta lulu nzuri, akaiona moja ya thamani kubwa, akauza vyote alivyokuwa navyo apate kuinunua.

Sisi watu wa milimani hatujui lulu kwa macho. Ziwa letu Kivu halitoi lulu. Hutoka baharini, ndani ya gamba la mnyama aitwaye chaza. Ni kidude cheupe, cha mviringo, king'aacho. Neno lenyewe lulu wenyeji wa pwani walilipata kwa Waarabu. Sasa twafahamu kwa nini Wafaransa wa zamani walilipa ua jina hilo: waliona kichwa cheupe cha mviringo katika majani mabichi ya malisho, wakasema, Hii ni lulu ya mashamba.

Jina hilo hilo ni jina la wakristu wengi. Margarita, au Marigarita kama tusemavyo huku kwetu, ni jina la watakatifu kadha wa kadha. Mmoja ni Mtakatifu Margarita wa Skotlandi, malkia aliyekufa mwaka 1093. Mwingine ni Mtakatifu Margarita Maria Alacoque wa Paray-le-Monial katika Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1647 na kufa mwaka 1690, mtume wa ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Papa Benedikto wa kumi na tano alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1920. Basi mama anayemwita binti yake Marigarita amempa jina la lulu, tena amempa jina la ua, hata kama hakufikiri hivyo siku ya ubatizo.

Waingereza hawakufuata njia hiyo. Wao huliita daisy, na neno hili ni maneno mawili ya kale yaliyoshikamana, maana yake ni jicho la mchana. Walitazama tabia ya ua dogo la kwao: jua likichomoza lafunguka, na jua likishuka lafumba majani yake kama mtu afumbaye macho. Wafaransa walitazama rangi, Waingereza walitazama mwendo. Hakuna aliyekosea, kila mmoja alitaja kile kilichompendeza.

Marguerite zinazopandwa katika bustani nyingi za misioni si ua la porini la Ulaya lenyewe. Ziko za aina nyingi, na moja iliyo kubwa na nyeupe sana ilitengenezwa na mtu mmoja wa Marekani, jina lake Luther Burbank, mkulima wa California. Alichanganya ndugu mbalimbali za ua hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1901 akaonyesha matokeo yake. Akaliita kwa jina la Shasta, mlima wa kwao wenye theluji, kwa ajili ya weupe wake. Tazameni: ua hili nalo limepata jina la mlima mrefu. Lingezaliwa huku, labda lingeitwa Karisimbi.

Tuongeze jambo moja la kushangaza. Kile tunachokiita ua moja si ua moja. Ukikivunja kile kichwa cha manjano na kukitazama karibu, utaona vijiua vidogo vingi sana vimesongamana, kila kimoja na chembe yake ya mbegu chini. Hata kila jani jeupe la pembeni ni ua peke yake. Basi kichwa kimoja ni kama kijiji kizima. Kumbukeni neno hili la chembe za mbegu, kwa maana tutalirudia.

II. Pyrethrum: jina la moto

Sasa tuje kwa jina la shambani. Pyrèthre ya Kifaransa, pyrethrum ya Kilatini, pyrethron ya Kigiriki: ndani yake mna neno pyr, maana yake moto. Kwa nini moto? Ukilishika ua hili halikuchomi. Ukilitafuna ni chungu kidogo tu. Moto u wapi?

Jibu ni kwamba jina hili hapo kwanza halikuwa lake. Zamani za Wagiriki na Warumi, pyrethron lilikuwa jina la mmea mwingine, wa jamaa hiyo hiyo, ambao mzizi wake huwaka mdomoni kama pilipili. Waganga wa kale walimpa mtu mwenye maumivu ya meno autafune. Baadaye wataalamu wa mimea waliona kwamba mimea mingi ya jamaa hiyo yafanana, wakalieneza jina la moto juu ya mingine pia, na ua letu jeupe likalirithi. Ni kama mtoto anayepewa jina la babu yake aliyekuwa fundi wa chuma, ingawa yeye mwenyewe hajui kushika nyundo.

Wataalamu hawakukaa kimya. Kwa muda mrefu walilihesabu ua hili katika ukoo uitwao Chrysanthemum, maana yake ua la dhahabu, ingawa dhahabu yake ni moyo tu na pembeni ni nyeupe. Siku hizi walihesabu katika ukoo wa Tanacetum, na jina lake kamili ni Tanacetum cinerariifolium. Neno Tanacetum wengi husema latoka katika neno la Kigiriki la kutokufa, kwa sababu maua ya ukoo huo yakikauka hukaa siku nyingi bila kuharibika. Na cinerariifolium maana yake ni lenye majani ya rangi ya majivu. Hilo la mwisho ndilo jina lenye faida kwetu kuliko yote, kwa maana lasema kitu unachoweza kukiona kwa macho yako. Majani ya marguerite ni mabichi hasa. Majani ya pyrèthre ni kama yamenyunyiziwa majivu ya jikoni.

III. Safari ya ua kutoka Dalmatia mpaka Kivu

Katika karne ya 19 watu wa Ulaya walianza kununua unga wa kuua viroboto, kunguni na chawa. Waliuita unga wa Uajemi, na ulitengenezwa kwa maua mekundu ya nchi za Kaukasi na Uajemi, ndugu wa ua letu. Halafu ikaonekana kwamba ua jeupe linaloota lenyewe katika milima ya mawe ya Dalmatia, pwani ya nchi iitwayo leo Kroatia, lina nguvu zaidi. Likaanza kupandwa huko kwa kuuzwa.

Kutoka Dalmatia mbegu zilikwenda mbali. Mjapani mmoja, Ueyama Eiichiro, alizipata miaka ya 1880 akazieneza kwao. Mwaka 1890 alitengeneza vijiti vya kufukiza mbu vyenye unga wa ua hilo. Lakini kijiti huisha upesi, na usingizi ni mrefu. Mke wake Yuki alimpa shauri la kukizungusha kama nyoka aliyejikunja, ili kiwake usiku wote. Dawa ya mbu ya kuzunguka, inayouzwa mpaka leo katika maduka ya Goma na Sake, asili yake ni shauri la mama huyo. Kabla ya vita kuu ya pili, nchi ya Japani ilikuwa ya kwanza duniani kwa ua hili.

Nchini Kenya mbegu zilifika mwaka 1928. Ikaonekana kwamba chini, mahali pa joto, mmea hustawi majani lakini hautoi maua mengi. Wataka baridi ili upate kuchanua. Nchi za juu za Kenya zilikuwa na baridi hiyo, na jua la kukaushia. Milima ya Kivu na Rwanda pia. Basi katika miaka ya 1930 ua likapandwa huku kwetu, katika mashamba ya wazungu waliopewa ardhi. Mwaka 1928 serikali ya Ubelgiji ilikuwa imeanzisha shirika liitwalo Comité National du Kivu na kulipa mamlaka juu ya nchi kubwa sana ya Kivu, na katika nchi hiyo wazungu walipata mashamba ya kahawa, ya chai, ya kwinini, na juu kabisa, penye umande wa baridi, ya pyrèthre.

Ilipofika mwaka 1941 Japani iliingia vitani juu ya Marekani, na maua ya Japani hayakupatikana tena. Majeshi yalihitaji dawa ya mbu na chawa kwa askari. Hapo Afrika ikachukua nafasi ya kwanza, Kenya ikiongoza, na Kivu ikatoa sehemu yake.

IV. Pareto na ibireti: jina katika vinywa vya wenyeji

Ua lilipofika, jina lilikuja nalo. Lakini jina geni ni kama kiatu kigeni, lazima lilainishwe mpaka likae mguuni. Huko Kenya na Tanganyika wakulima walilisikia neno la Waingereza, wakalipa vokali mahali penye konsonanti zilizosongamana, wakaacha mlio wa mwisho, likawa pareto. Neno hili limeingia katika kamusi za Kiswahili sanifu, na wakulima wa Molo, wa Kinangop, wa Mufindi na wa Makete hawana jingine. Wengi wao hawajui habari ya moto wa Wagiriki. Kwao pareto ni karo ya shule na bati la nyumba.

Upande wetu, watu walilisikia kwa Kifaransa. Wasemao Kinyarwanda, katika Rwanda na katika milima ya Masisi na Rutshuru, walifanya jambo la akili sana. Walisikia mwanzo wa neno, pi, wakauona wafanana na kiambishi chao cha wingi, bi. Basi wakaliingiza neno katika safu ya vitu vyao vya shamba: ibirayi ni viazi, ibijumba ni viazi vitamu, ibishyimbo ni maharagwe, na ibireti ni pyrèthre. Neno la Wagiriki likawa mtoto wa nyumbani, likifuata sarufi pamoja na viazi na maharagwe. Msishangae, Kiswahili kilifanya vivyo hivyo na neno la Kiarabu kitab, kikalipa wingi na kusema vitabu.

Angalieni sasa tofauti. Jina marguerite lilikaa bustanini pamoja na Kifaransa chake, wala watu hawakulitafutia viambishi. Jina pyrèthre lilikwenda shambani, likabadilika kabisa. Sababu yake si ngumu. Jina la kitu kinachotazamwa laweza kubaki geni. Jina la kitu kinachobebwa mgongoni lazima liwe la lugha ya mbebaji.

V. Maana ya jina kwa waliofanya kazi

Kwa mchumaji, jina hili lilikuwa na maana ambayo haimo katika kamusi. Maua huchumwa kwa mkono, kichwa kimoja kimoja, yakiwa yamefunguka vizuri, na baada ya wiki mbili au tatu hurudiwa tena. Yataka vidole vyepesi, na mara nyingi kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto. Kilo moja ya maua makavu yahitaji kilo nne au tano za maua mabichi. Na katika maua makavu, dawa yenyewe ni sehemu moja au mbili tu katika mia. Tena watu wengine ngozi yao haipatani na mmea huu: mikono hutoka upele, pua hutiririka, macho huwasha. Mtu aliyeshinda shambani namna hiyo hakuliita ua lile lulu.

Na jina hili limeshikamana na habari za ardhi. Toka mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliwahamisha watu kutoka Rwanda kwa shirika lililoitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, na wengi waliwekwa upande wa Gishari katika Masisi. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1955. Sababu moja ilikuwa wingi wa watu na njaa huko Rwanda. Sababu ya pili ni kwamba mashamba ya wazungu yalihitaji mikono. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mashamba mengi yalidhoofika. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatiwe mikononi mwa wananchi. Lakini waliopata ni wakubwa wachache, wala si wale waliochuma maua. Katika Masisi mashamba mengi yakageuzwa malisho ya ng'ombe. Tangu mwaka 1993 vita vimepita juu ya milima hii mara nyingi, navyo vimewahamisha watu na kuharibu yaliyosalia. Hivyo twaelewa kwa nini wazee wawili wanaolisikia neno ibireti waweza kukumbuka mambo mawili tofauti: mmoja akumbuka mshahara, wa pili akumbuka mlima uliokuwa wa baba yake.

Rwanda nayo ina kumbukumbu zake. Mwaka 1969 maelfu ya hekta za msitu wa hifadhi ya volkano zilikatwa ili familia zipewe mashamba ya ibireti. Familia zile zilipata pa kuishi. Na msitu wa sokwe wa milimani ukawa mdogo. Kilimo hicho chaendelea huko hata leo, na kiwanda cha kukamulia dawa kiko Musanze, mji ulioitwa zamani Ruhengeri.

VI. Jina lisilokufa

Miaka ya 1910 mpaka 1916 wataalamu wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, walichunguza ni kitu gani ndani ya ua kinachoua vidudu. Walitangaza matokeo yao mwaka 1924. Dawa ile iliitwa pyrethrin, kwa jina la ua, na karibu yote hukaa katika zile chembe za mbegu tulizozitaja, ndani ya kichwa cha manjano. Yale majani meupe yanayotupendeza hayana karibu kitu.

Baada ya vita kuu ya pili dawa mpya iitwayo DDT ilikuja, ya bei nafuu, na wengi wakadhani siku za pareto zimekwisha. Lakini DDT hukaa miaka mingi ardhini na katika miili ya viumbe, na mwaka 1972 Marekani iliikataza mashambani. Wataalamu wakarudi kulitazama ua. Mwaka 1973 Mwingereza Michael Elliott na wenzake walitangaza dawa iliyotengenezwa kwa mfano wa pyrethrin lakini yenye kustahimili jua, wakaiita permethrin. Ndugu zake nyingi zilifuata. Someni maandishi madogo juu ya mfuko wa chandarua chenye dawa mlichogawiwa katika kituo cha afya. Mtaona jina linaloishia kwa «thrin». Kipande hicho ni mabaki ya neno la Wagiriki. Mtoto wa Masisi anayelala salama bila malaria alala chini ya jina la ua ambalo bibi yake alilichuma.

Siku hizi maua mengi zaidi hutoka katika kisiwa cha Tasmania huko Australia, ambako huvunwa kwa mashini. Tanzania, Kenya na Rwanda zinaendelea kulima.

VII. Namna ya kuyatofautisha

Basi tumrudie mama wa maharagwe, tumpe msaada. Mambo haya yafaa yajulikane katika kila nyumba:

Kwanza, tazama jani, usitazame ua. Pyrèthre, yaani ibireti au pareto, ina jani lililokatwakatwa vipande vyembamba, mfano wa jani la karoti, tena la rangi ya majivu. Marguerite ya bustani ina jani pana zaidi, bichi, lenye meno pembeni.

Pili, tazama ukubwa. Ua la pyrèthre ni dogo, upana wake kama sentimeta tatu. Marguerite kubwa za bustani zaweza kufika sentimeta kumi. Lililo zuri zaidi ndilo lisilo na dawa.

Tatu, hata pyrèthre ya kweli hupoteza nguvu. Jua na mwanga huiharibu dawa. Unga uliokaa sokoni mezani juani, au maua yaliyohifadhiwa vibaya kwa miezi mingi, huwa majani makavu tu.

Nne, kisichomdhuru sana mtu chaweza kudhuru viumbe vingine. Dawa ya ua hili huua samaki na nyuki. Usioshe vyombo vyake mtoni, wala usiinyunyize juu ya mimea inayochanua saa za nyuki. Na kabla ya kuitia katika chakula kinacholiwa, mwulize agronomu.

Tano, ukinunua mbegu au unga, usiulize «ua jeupe». Taja jina lake la shambani, na mwuzaji akuonyeshe jani.

Mtu akituuliza, basi, ni jina gani lililo la kweli, twajibu kwamba kila moja ni la kweli mahali pake. Juu ya altare liitwe marguerite, na watoto wafundishwe kwamba maana yake ni lulu. Shambani na ghalani liitwe ibireti au pareto, kwa maana hapo twatafuta kazi yake, wala si uzuri wake. Ubaya ni kuyachanganya. Nanyi wazee wa Masisi na Walikale, msemao Kihunde, Kinyanga, Kitembo na Kinyarwanda, mnayo majina mengine ya maua na majani ambayo hayajaandikwa popote. Mwafundishe wajukuu wenu, pamoja na alama za jani na kazi ya kila mmea, mngali nasi. Jina likifa, maarifa yaliyokuwa ndani yake hufa nalo, na mwenye kupata hasara ni yule atakayefungua mfuko wa mbegu mwaka ujao.